Dawa Isipotuliza Kiungulia, Swali Libadilike

Miongoni mwa maradhi ambayo wananchi wetu wameyazoea hata hawayahesabu tena kuwa ni maradhi, kiungulia kina nafasi ya mbele. Mtu hula ugali wake wa muhogo na maharage jioni, hulala mara baada ya kula, na usiku wa manane huamka kifua kikimwaka moto na maji machungu yamemjaa kinywani. Asubuhi huenda dukani akanunua vidonge. Vidonge vikimalizika hununua vingine, na mwaka hupita, na wa pili, bila mtu yeyote kuuliza ni nini hasa kinachotibiwa. Ugonjwa wote wa kifuani na tumboni hupewa jina moja, "vidonda vya tumbo", na jina likishapatikana, uchunguzi huonekana kuwa si wa lazima.

Makala haya yanatetea hoja moja. Mgonjwa aliyetumia dawa ya kupunguza asidi kwa utaratibu unaofaa kwa wiki nane hivi bila ya kupata nafuu hahitaji kuongezewa vidonge; anahitaji kuchunguzwa. Na yule ambaye chakula kimeanza kumkwama asingoje hata hizo wiki nane. Aidha, tunashikilia kwamba mahali panapofaa kueneza maarifa hayo katika wilaya zilizo mbali na hospitali kubwa ni shule ya sekondari.

Mlango usiofunga

Umio ni mrija wa misuli wenye urefu wa sentimita 25 hivi kwa mtu mzima. Mrija huu hauachi chakula kianguke tu kama jiwe kisimani. Hukisukuma kwa mawimbi ya misuli, na ndiyo sababu mtu anaweza kumeza hata akiwa ameinama. Mwishoni mwa umio kuna msuli wa mviringo ambao hufunguka chakula kinapopita kisha hufunga. Chini yake ni tumbo, lenye asidi ya hidrokloriki ambayo kipimo chake cha pH aghalabu huwa kati ya 1 na 3. Tumbo lina utando mzito wa ute unaolikinga na asidi yake lenyewe. Umio hauna kinga ya namna hiyo. Msuli ule ukilegea ovyo, asidi hupanda na kuunguza, na hicho ndicho kiungulia.

Mwanafunzi wa kemia atakumbuka kwamba pH ikipanda kutoka 2 hadi 4, ukali wa asidi hupungua mara 100. Dawa hufanya kazi katika uwanja huo. Zile za zamani, zenye hidroksidi ya magnesi au ya alumini, huizimua asidi iliyokwisha kutoka. Simetidini, iliyotokana na utafiti wa James Black wa Uingereza, aliyepata Nishani ya Nobel mwaka 1988, hupunguza amri inayolifikia tumbo litoe asidi. Omeprazoli, iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1980, huzifunga pampu zenyewe zitoazo asidi katika chembe hai za tumbo.

Yafaa msomaji azingatie jambo moja: hakuna hata dawa moja kati ya hizo inayoufunga mlango. Zote hupunguza ukali wa kinachopanda, hazikizuii kisipande.

Kwa nini dawa hushindwa

Sababu ya kwanza ni matumizi mabaya. Omeprazoli huzifunga pampu zinazofanya kazi, nazo huamshwa na chakula. Kwa hiyo imezwe nusu saa au saa moja kabla ya kula, kila siku, kwa muda aliouagiza tabibu. Anayeimeza baada ya kushiba, au siku anayoumia tu, hupoteza sehemu kubwa ya faida yake kisha hulalamika kwamba dawa ni hafifu.

Sababu ya pili ni mwenendo. Mlo mkubwa wa usiku, kulala kabla ya saa tatu kupita, tumbaku, pombe na unene uliopita kiasi, vyote huulegeza mlango au huusukuma kutoka chini. Kuinua miguu ya kitanda upande wa kichwani kwa sentimita 15 hadi 20, kwa matofali au vipande vya mbao, na kulala kwa ubavu wa kushoto, ni tiba isiyogharimu kitu. Ajabu ni kwamba watu wengi hupewa vidonge bila ya kuambiwa hayo.

Sababu ya tatu ndiyo kiini cha makala haya: pengine ugonjwa si wa asidi hata kidogo, au ulianza na asidi ukageuka kuwa jambo jingine.

Chakula kikikwama

Kushindwa kumeza si kiungulia kilichozidi. Ni habari nyingine kabisa, na ina vyanzo vingi. Asidi ya miaka mingi huweza kuacha kovu linaloubana umio. Kovu hilo hupanuliwa kwa vyombo vya hospitali. Kwa mtu ambaye kinga ya mwili imepungua, kama vile mwenye virusi vya UKIMWI asiyetibiwa, ukungu huweza kuotea ndani ya umio na kuleta maumivu makali ya kumeza. Dawa ya ukungu humponya, bali dawa ya asidi haimsaidii. Kidonge cha doksisaiklini kikimezwa bila maji ya kutosha, hasa wakati wa kulala, huweza kunasa na kuchoma kidonda.

Kisha kuna kostiki, ile soda kali itumikayo kutengenezea sabuni. Mkoa wa Kigoma ni mkoa wa mawese, na sabuni ya mawese ni riziki ya familia nyingi. Kostiki iliyotiwa katika chupa ya soda ikanywewa na mtoto humwachia kovu la umio la maisha. Chupa hiyo isikae mahali ambapo mtoto anaweza kuifikia.

Upo pia ugonjwa ambamo mlango wa chini hukataa kufunguka. Daktari Mwingereza Thomas Willis aliueleza mwaka 1674, akamtibu mgonjwa wake kwa kijiti cha mfupa wa nyangumi chenye sifongo nchani, kilichosukuma chakula kipite. Mwaka 1913 Ernst Heller wa Ujerumani aliukata msuli huo kwa upasuaji, na upasuaji wa namna hiyo ungali unafanywa. Willis hakuwa na eksirei wala omeprazoli, lakini alitambua kwamba njia iliyoziba ilihitaji kufunguliwa. Leo mgonjwa wa namna hiyo huweza kumeza dawa ya asidi miaka mitatu huku chakula kikioza ndani ya umio.

La mwisho, na la kutisha kuliko yote, ni saratani ya umio.

Vitabu vya ng'ambo na maradhi ya hapa

Wengi wetu tuliosomea ng'ambo tulifundishwa kwamba asidi ya muda mrefu hubadili utando wa sehemu ya chini ya umio, na kwamba mabadiliko hayo, yaliyopewa jina la daktari Norman Barrett aliyeandika juu yake mwaka 1950, huweza kuzaa saratani. Hayo ni kweli, na katika Ulaya na Marekani aina hiyo ndiyo iliyoongezeka. Lakini saratani ya umio iliyo nyingi katika Afrika Mashariki ni ya aina nyingine: hutokana na chembe bapa za utando wa kawaida wa umio, na huweza kumpata mtu ambaye hajapata kuugua kiungulia. Kwa hiyo anayeichukulia kila shida ya kumeza kuwa ni tawi la kiungulia anatumia ramani ya nchi nyingine.

Tangu miaka ya 1960 madaktari wa Afrika Mashariki walitambua kwamba ugonjwa huu umekusanyika katika ukanda unaopita upande wa mashariki wa bara hili hadi kusini. Hospitali ya Tenwek, katika Kaunti ya Bomet nchini Kenya, imepokea wagonjwa wengi, na miongoni mwao wamo vijana wa chini ya miaka 30. Watafiti wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani wamefanya kazi pamoja na wenzao wa Eldoret, Moshi na Blantyre kutafuta vyanzo. Pombe na tumbaku zimo katika orodha. Moshi wa kuni jikoni nao unashukiwa.

Kipo pia kisa cha joto. Mwaka 2016 shirika hilo lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyonywewa vikiwa na nyuzi joto zaidi ya 65 za Selsiasi, yamkini husababisha saratani ya umio. Mwaka mmoja kabla yake, utafiti uliofanywa Kilimanjaro ulikuwa umechapishwa, ukionyesha kwamba wanywaji wa chai walianza kuinywa ikiwa na wastani wa nyuzi joto zipatazo 70. Dawa ya jambo hilo ni kusubiri dakika chache.

Hesabu ya kuchelewa

Kwa nini wagonjwa hufika hospitali wakiwa wamechelewa? Hesabu ya darasani inaonyesha. Chukua umio unaoweza kutanuka hadi kipenyo cha milimita 20. Aghalabu chakula kigumu huanza kukwama kipenyo kinapopungua hadi chini ya milimita 13 hivi. Eneo la duara la kwanza ni milimita za mraba 314; la pili ni 133. Basi siku mtu anapohisi tonge la kwanza limekwama, zaidi ya nusu ya nafasi imekwisha kupotea.

Na hapo mgonjwa huanza kujizoesha. Huacha nyama. Kisha hulowesha tonge katika mchuzi na kuteremsha kila tonge kwa maji. Kisha huhamia uji, na jamaa husema anapenda uji. Uji unapokataa kupita, mwili umekwisha kukonda, na tiba iliyobaki mara nyingi ni kuwekewa bomba dogo la wavu wa chuma ndani ya umio ili ameze, bomba ambalo humpa nafuu lakini halimponyi.

Pingamizi

Tutaambiwa: Bugando iko Mwanza, mamia ya kilomita kutoka Murungu, nauli ya mgonjwa na msindikizaji ni mavuno ya msimu, na watu wengi wenye kiungulia hawana saratani. Pingamizi hilo ni la haki, wala hatusemi kila mwenye kiungulia apande basi. Tunasema wachaguliwe wale wenye dalili: anayekwamwa na chakula, anayepata maumivu akimeza, anayekonda bila sababu, anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami, na yule ambaye dawa iliyotumiwa sawasawa haikumfaa. Kundi hilo ni dogo.

Tena uchunguzi wa kwanza si lazima uwe wa bomba lenye taa lipitishwalo kinywani, ingawa hilo ndilo linalomwezesha daktari kuona na kukata kipande cha nyama kwa ajili ya hadubini. Picha ya eksirei iliyopigwa mgonjwa akinywa uji wa sulfeti ya bariamu huweza kuonyesha mahali palipobana, na pengine safari ya Mwanza ikaamuliwa kwa ushahidi badala ya kubahatisha. Kuhusu gharama, fedha za vidonge vya miaka mitatu nazo zihesabiwe.

Kazi ya shule

Mwaka 1973 taifa letu liliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, wakachimba vyoo. Funzo lake ni kwamba maarifa ya afya huenea pale watu wanapoyajadili na kuyafanyia kazi kwa mikono yao.

Mwalimu wa sekondari ya Kasulu au Kibondo ana vifaa vya kutosha. Katika fizikia, wanafunzi wamimine chai ya rangi, chai ya maziwa na uji katika vikombe, wapime joto kila dakika kwa kipimajoto cha maabara, wachore mchirizi wa kupoa, na waweke alama pale nyuzi 65 zinapofikiwa. Vinywaji hivyo vya majaribio visinywewe. Wachunguze pia kwa nini katika mwinuko wa meta 1,500 maji huchemka karibu na nyuzi 95, na bado chai hiyo ni ya moto kupita kiasi kwa umio. Katika kemia, wapime ni mililita ngapi za asidi nyepesi huzimuliwa na kidonge kimoja. Katika biolojia, wajifunze kwamba umio ni msuli unaofanya kazi, nao huweza kuugua.

Mwanafunzi hafundishwi hayo ili awe tabibu, wala asigawe vidonge. Anafundishwa ili jioni, akimwona babu yake au shangazi yake akisukuma kila tonge kwa kikombe cha maji, amwulize kwa heshima: "Tangu lini chakula kinakukwama?" Kisha ampeleke zahanati, na huko aseme waziwazi kwamba tatizo ni kumeza, si kiungulia tu. Nasi tunawaomba waganga wa zahanati waliandike neno hilo katika karatasi ya mgonjwa siku hiyo hiyo, na wamwandikie rufaa kabla ya kumpa pakiti nyingine ya vidonge.