Michezo ya Watoto Yageuzwa Duka

Marekani ni nchi isiyochoka kuwahubiria walimwengu habari za fursa sawa kwa kila mtu. Lakini katika miji mingi ya nchi hiyo, mtoto wa mfanyakazi anayetaka kucheza katika timu ya maana hupimwa kwanza mfuko wa mzazi wake, ndipo apimwe miguu. Taasisi ya Aspen, ambayo haiwezi kushukiwa kuwa adui wa ubepari, iliwauliza wazazi wa huko na kupata kwamba mwaka 2024 familia yenye mtoto mwanamichezo ilitumia wastani wa dola 1,016 kwa ajili ya mchezo mmoja mkuu wa mtoto mmoja. Gharama hiyo ilikuwa imepanda kwa asilimia 46 tangu mwaka 2019. Yafaa ieleweke kwamba huo ni wastani tu. Mchezo wa pili haumo katika hesabu hiyo, na mtoto wa pili hayumo. Wako wazazi wanaolipa mara kumi ya kiasi hicho kwa mwaka, na wako wengi wasiolipa hata senti kwa sababu watoto wao walikwisha kubaki nyumbani.

Fedha hizo huenda wapi? Iko ada ya klabu. Iko ada ya majaribio, ambayo hailipwi tena na yeyote mtoto anapokataliwa. Ziko jezi za nyumbani na za ugenini, mkoba wenye nembo, na viatu vinavyoanza kubana kabla msimu haujakwisha. Halafu inakuja safari. Timu zinazosifiwa siku hizi haziitwi timu za mtaa bali timu za safari, na jina hilo zimelistahili. Mwisho wa juma familia nzima hujipakia garini na kwenda mwendo wa saa tano au sita hadi mji mwingine, ili mtoto wa miaka 10 acheze mechi tatu au nne dhidi ya watoto wasiotofautiana kwa lolote na wale aliowaacha mtaani kwake. Waandaaji wengi wa mashindano huwalazimisha wazazi kulala katika hoteli walizoziteua wao wenyewe, na timu ya wasiotii huweza kufukuzwa mashindanoni. Hoteli nayo humrudishia mwandaaji fungu lake katika malipo ya kila chumba. Asubuhi yake mzazi yule yule hulipa kiingilio langoni ili amtazame mwanawe akicheza. Mkulima aliyewahi kumwuzia mlanguzi pamba yake, kisha akanunua shati katika duka la mlanguzi huyo huyo, ataielewa biashara hii bila mkalimani.

Mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1939, katika mji wa Williamsport, Pennsylvania, Carl Stotz alianzisha ligi ya besiboli ya watoto iliyokuja kujulikana kwa jina la Little League, ambayo iliendeshwa kwa nguvu za watu wa kujitolea. Mzazi alikuwa mwalimu wa timu, jirani alikuwa mwamuzi. Shule za serikali nazo zilikuwa na viwanja na walimu wa michezo waliolipwa kwa kodi ya wananchi. Kisha mwaka 1978 wapiga kura wa jimbo la California walipitisha Pendekezo namba 13, lililoweka kikomo kwa kodi ya nyumba na ardhi. Wenye mali walishangilia. Mapato ya shule yalipopungua, kisu kilianzia pale ambapo watawala wa bajeti hukianzishia siku zote, yaani kwenye muziki na michezo.

Katika shule za sekondari za Santa Barbara, mwanafunzi alitakiwa kulipa dola 25 kwa kila timu aliyotaka kuichezea. Waliokuwa maskini waliambiwa wajieleze ili wasamehewe. Mama mmoja mlipa kodi, mwenye watoto katika shule hizo, alikataa akaenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba shughuli hizo ni sehemu ya elimu, na kwamba elimu ambayo katiba ya jimbo imeahidi kuwa ya bure haiwezi kutozwa ada kupitia mlango wa nyuma. Mahakama ilikikataa pia kisingizio cha msamaha kwa maskini. Hapo majaji waligusa penyewe, kwani mtoto anayelazimika kuthibitisha umaskini wa baba yake mbele ya karani ili aruhusiwe kupiga mpira amekwisha kutengwa na wenzake kabla filimbi haijapulizwa.

Lakini uamuzi ule ulikuwa wa jimbo moja tu. Katika majimbo mengine shule ziliendelea kutoza, na hata huko California klabu za watu binafsi zilishamiri nje ya ua wa shule, ambako ahadi ile ya katiba haifiki. Umma ulipouacha uwanja, mchuuzi aliingia na mkeka wake akautandika.

Na mchuuzi wa leo si yule wa kuuza maji na ubuyu pembeni mwa goli. Chuo cha michezo cha IMG kule Bradenton, Florida, kilichoanza mwaka 1978 kama shule ya tenisi ya Nick Bollettieri, kiliuzwa mwaka 2023 kwa dola bilioni 1.25 kwa kampuni ya mitaji ya BPEA EQT. Mwaka 2024 matajiri Josh Harris na David Blitzer, wamiliki wa timu ya kikapu ya Philadelphia 76ers, waliunda kampuni ya Unrivaled Sports ili kukusanya chini ya mwavuli mmoja viwanja, kambi na mashindano ya watoto. Inakadiriwa kwamba familia za Marekani hutumia zaidi ya dola bilioni 40 kwa mwaka katika michezo ya watoto wao. Mtaji wa namna hiyo haumfuati mtoto wa miaka minane kwa sababu umependezwa na mbio zake. Umegundua kwamba mzazi atakopa, atafanya kazi ya usiku, ataahirisha kutengeneza paa la nyumba yake, lakini hatathubutu kumwambia mwanawe kwamba msimu ujao hatacheza.

Watetezi wa biashara hii husema kwamba hakuna mzazi aliyeshikiwa bunduki. Kila mmoja amechagua mwenyewe. Hoja hiyo ni potofu. Mtoto asiyeingia klabu akiwa na miaka minane hukuta akiwa na miaka 14 kwamba nafasi katika timu ya shule zimekwisha kushikwa na wale waliolipiwa miaka sita mfululizo. Mzazi analijua hilo, na anajua kwamba jirani yake analijua. Kwa hiyo kila mmoja hulipa kwa kuwa mwenzake analipa, na bei hupanda kwa wote bila ya mtoto hata mmoja kuwa mchezaji bora zaidi kuliko wenzake kwa sababu ya kupanda huko.

Juu ya hofu limewekwa tumaini, nalo ni chambo chenye nguvu zaidi. Wazazi huambiwa kwamba gharama zote zitarudi siku kijana atakapopata udhamini wa masomo ya chuo kikuu kwa ajili ya michezo. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, chenyewe kinakiri kwamba ni takriban wanafunzi wawili katika kila wanamichezo mia wa sekondari wanaopata udhamini huo. Wengi wa hao hupata sehemu tu ya ada. Vyuo vya daraja la tatu, ambavyo ni vingi kuliko vya daraja lolote jingine, havitoi udhamini wa michezo hata kidogo. Tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo wameruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na habari za vijana wachache wanaochuma mamilioni zimelifanya jambo hili kufanana na bahati nasibu yenye matangazo makubwa. Mzazi anayetoa dola 10,000 kila mwaka kwa miaka kumi angeweza kuziweka akiba, akalipa ada ya chuo kikuu cha jimbo lake kwa miaka yote minne, na akabakiwa na fedha nyingi mkononi. Hesabu hiyo ni ya darasa la nne. Hakuna klabu inayoibandika ukutani.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana katika risiti. Klabu inayotoza mwaka mzima humtaka mtoto acheze mchezo mmoja mwaka mzima, ingawa chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kimeshauri kwamba asifungwe kwenye mchezo mmoja kabla ya kufika takriban miaka 15 au 16. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimfanyia mrushaji wa kulipwa wa besiboli, Tommy John, upasuaji wa kano ya kiwiko uliochukua jina la mgonjwa huyo. Mgonjwa alikuwa mtu mzima mwenye miaka 31. Uchunguzi mmoja wa kumbukumbu za bima za miaka 2007 hadi 2011 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya waliofanyiwa upasuaji huo walikuwa vijana wa miaka 15 hadi 19. Mzazi alilipia mkono uumie, kisha akalipia ushonwe.

Itasemwa kwamba bila ya mashine hii hakuna mabingwa. Norway imejibu. Tangu mwaka 1987 shirikisho la michezo la nchi hiyo limekuwa na kanuni za kuwalinda watoto, na mwaka 2007 likaziimarisha kwa tamko la haki za mtoto michezoni. Mtoto haendi kwenye mashindano ya ubingwa wa taifa kabla ya mwaka anaotimiza miaka 13, na vyama vya michezo husaidiwa na sehemu kubwa ya faida ya michezo ya kubahatisha inayoendeshwa na dola. Nchi hiyo yenye watu wapatao milioni tano na nusu ilitoka Beijing mwaka 2022 na medali 16 za dhahabu, ambazo hakuna taifa lililokuwa limewahi kuzifikia katika Olimpiki moja ya majira ya baridi. Wala Mtanzania hahitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, alikuwa askari wa jeshi la wananchi; hakuna klabu ya kulipia iliyomtangulia.

Msomaji anaweza kuuliza Waswahili wanahusikaje na matatizo ya Wamarekani. Wanahusika sana. Katika nusu ya pili ya miaka ya 2010, Wakongo walikuwa miongoni mwa makundi makubwa kabisa ya wakimbizi waliopokewa Marekani, na wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili, baadhi yao waliotoka kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Wamo humo vijana waliojifunza kandanda kwa mpira wa makaratasi, na wanaocheza vizuri kuliko watoto wa matajiri wa miji waliyopelekwa. Baba anapakia mizigo katika ghala, mama yuko kiwanda cha nyama zamu ya usiku, na klabu inataka ada ya mwaka kabla ya mazoezi ya kwanza. Ni kweli kwamba klabu nyingine humsamehe ada mtoto mmoja au wawili wenye vipaji. Lakini msamaha huo hauna gari la kumfikisha uwanjani, na hauna kitanda hotelini. Zaidi ya hayo, magoli ya kijana huyo huingia katika matangazo ya klabu, na matangazo huwavuta wazazi wengine waje kulipa. Huyo hakusamehewa ada. Anailipa kwa miguu yake.

Jijini Dar es Salaam nako vituo vya kulipia vya kandanda ya watoto vimeshaanza kuzoeleka. Si vyote vibaya, na walimu wake wengi ni watu wa bidii wanaohitaji kula. Jambo la kuhofia ni pengo ambamo vituo hivyo vinaota. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA ilisimamishwa, ikarejeshwa baadaye katika muongo huo huo, na kizazi kizima cha wanafunzi kilipita katikati. Viwanja vya wazi vya mitaani, ambavyo ndivyo vilivyolea chandimu, vimemegwa vikawa maduka, gereji na kumbi za harusi. Mtoto anayekosa kiwanja cha bure hana budi kupelekwa penye uzio na daftari la malipo, na asiye na cha kulipa hukaa kibarazani.

Tangu Januari 2016 elimumsingi hutolewa bila ada. Ahadi hiyo ni pungufu ikiwa inaishia kwenye ubao na chaki. Kila halmashauri yapaswa kuorodhesha viwanja vya wazi vilivyomo katika ramani zake, itamke hadharani vipi vimejengwa na ni nani aliyevijenga, na irudishe vile vinavyoweza kurudishwa kabla ya msimu wa mvua kuleta misingi mipya. Kazi hiyo haihitaji mfadhili wala semina. Ramani zenyewe zimo katika makabati ya maofisa ardhi.