Yamaha yaaga theluji: Mnunuzi atazame injini au vipuri?

KWA wavuvi wa Mafia, Kilwa au Lamu, jina la Yamaha ni mashine ya boti. Kwa watu wa Minnesota nchini Marekani, Quebec nchini Kanada na Lapland kaskazini mwa Finland, ambako ardhi hufunikwa na theluji kwa miezi kadhaa kila mwaka, jina hilo lilikuwa pia la pikipiki ya theluji kwa zaidi ya nusu karne. Yamaha iliingia katika biashara hiyo mwaka 1968. Juni 2023 ikatangaza kuwa inaiacha: Ulaya ingeuziwa mwisho matoleo ya mwaka 2024, Marekani na Kanada yale ya mwaka 2025.

Tangazo hilo limebadili swali ambalo wanunuzi walizoea kuulizana kila msimu. Zamani waliuliza ni aina gani inatembea vizuri njiani na injini yake haifi upesi. Sasa wanalazimika kuuliza pia ni kampuni gani itakuwapo miaka mitano ijayo kuuza beringi, mkanda na kompyuta ya injini. Ni swali ambalo mwenye trekta au mashine ya kusaga yeyote aliyewahi kuachwa na wakala wake analielewa bila kufafanuliwa.

Pikipiki ya theluji haina magurudumu. Mbele ina miguu miwili ya kuteleza inayogeuzwa kwa usukani kama wa pikipiki, na chini ya kiti kuna mkanda mpana wa mpira wenye meno unaozunguka mithili ya katapila. Nguvu ya injini hupita kwenye klachi mbili zilizounganishwa kwa mkanda mdogo wa mpira, mpango uleule wa skuta zisizo na gia. Mashine mpya ya mtu mzima, ya kutembelea njia zilizosawazishwa, kwa kawaida huuzwa kati ya dola za Marekani 10,000 na 20,000. Hiyo ni bei ya trekta dogo.

Na kwa kweli chombo hiki ni ndugu wa zana za kilimo. Kampuni ya Polaris ilianzia katika karakana ya mji mdogo wa Roseau, Minnesota, iliyokuwa ikitengeneza zana za wakulima. Mashine yake ya kwanza ya theluji iliuzwa haraka mwaka 1956 ili zipatikane fedha za mishahara ya wafanyakazi. Mmoja wa waasisi wake, Edgar Hetteen, aliondoka mwaka 1960 na kufungua kiwanda katika mji wa Thief River Falls, jimbo hilohilo, ambacho ndicho kilichozaa Arctic Cat. Huko Quebec fundi Joseph-Armand Bombardier, ambaye mtoto wake mdogo alifariki majira ya baridi ya mwaka 1934 kwa kukosa njia ya kumfikisha hospitali, alileta sokoni Ski-Doo mwaka 1959.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 waundaji walipita mia moja, na mwaka 1971 pekee mauzo ya Amerika ya Kaskazini yalikaribia mashine 500,000. Kiwango hicho hakijaonekana tena. Mafuta yalipanda bei, theluji ikawa haba baadhi ya miaka, na kampuni zikaanguka moja baada ya nyingine. Hata ile iliyomiliki Arctic Cat ilifilisika mwaka 1981 kabla ya kufufuliwa. Yakabaki majina makubwa manne: Ski-Doo, Polaris, Arctic Cat na Yamaha. Lynx ya Finland, ambayo wengi Ulaya huihesabu kama jina la tano, ni mali ya BRP, kampuni ileile inayounda Ski-Doo.

Kwa hesabu ya kawaida, manne ukitoa moja ni matatu. Hesabu ya soko hili haiendi hivyo. Kuanzia matoleo ya mwaka 2014, mashine nyingi za Yamaha zilizouzwa Amerika hazikuundwa Japani, bali katika kiwanda cha Arctic Cat pale Thief River Falls. Yamaha ilileta injini, Arctic Cat ikatoa bodi, shokapu na mkanda wa chini. SR Viper ilikuwa hivyo, na Sidewinder, yenye turbo na nguvu inayokaribia farasi 200, nayo ni hivyo. Kwa upande wake, Arctic Cat iliweka injini hiyohiyo ya Yamaha katika Thundercat yake. Kwa hiyo Yamaha ilipoondoka, Arctic Cat ilipoteza kwa mkupuo mmoja mteja wa kiwanda chake na mgavi wa injini zake kubwa.

Pigo la pili halikukawia. Kampuni ya Textron, iliyokuwa imeinunua Arctic Cat mwaka 2017 kwa takriban dola milioni 247, ilitangaza mwishoni mwa mwaka 2024 kuwa inasimamisha uzalishaji. Aprili 2025 ikaiuza kwa kundi linaloongozwa na Brad Darling, aliyewahi kuwa mmoja wa viongozi wa Arctic Cat. Jina limenusurika. Lakini mnunuzi mwenye akili ya biashara hawezi kulipa uzito uleule anaowapa BRP na Polaris mpaka mawakala waonekane wamerudi na maghala ya vipuri yamejaa.

Sasa mashine zenyewe. Kwa mtu anayetembea njia zilizosawazishwa, urefu wa mkanda wa chini ndio jambo la kwanza. Mkanda wa mita 3.3 hukata kona vizuri. Wa mita 3.5 hutulia zaidi kwenye matuta. Unaokaribia mita nne ni wa milimani na kwenye theluji ya kina, na ukiununua kwa ajili ya njia za kawaida umebeba mzigo usio na kazi. Meno ya milimita 32 hivi yanatosha njiani.

Ski-Doo katika daraja hili ina MXZ na Renegade. Ile yenye injini ya 600R E-TEC, ya mipigo miwili, ina nguvu ya farasi wapatao 125, na kwa wasafiri wengi hiyo inatosha na kubaki. Injini za mipigo miwili ni zile zinazounguza oili pamoja na petroli kama mashine nyingi za boti, ila katika E-TEC kompyuta ndiyo inayopima matone, na ulaji wa oili umepungua sana ukilinganisha na enzi za kabureta. Anayetaka injini ya kudumu zaidi na isiyo na moshi hupewa 900 ACE, ya mipigo minne na silinda tatu, yenye farasi 95 hivi. Ni nzito zaidi na haina mbwembwe, lakini kwa mtu anayehesabu senti ndiyo inayostahili kutazamwa kwanza. Matoleo yake ya turbo ni habari nyingine: nguvu hadi farasi 180, na bei inayolingana na nguvu hizo.

Polaris inajibu kwa Indy, yenye injini ya 650 Patriot kwa watu wa kawaida na 850 kwa wenye haraka. Sifa yake ni wepesi na jinsi shokapu zake zinavyomeza mashimo. Kwa miaka mingi udhaifu wake sokoni ulikuwa kukosa injini ya mipigo minne, pengo ambalo iliamua kuliziba tena kwa matoleo ya mwaka 2024 yenye injini ya ProStar S4. Mnunuzi wa mtumba akumbuke pia kwamba mwanzoni mwa mwaka 2023 Polaris iliwaita wateja wenye mashine za matoleo ya kati ya mwaka 2013 na 2023 kwa sababu ya hatari ya moto katika tangi la mafuta. Kuitwa kwa mashine si aibu ya kudumu, kwani kampuni zote huita. Mashine iliyokwisha kurekebishwa na wakala haina neno. Ya kuogopwa ni ile ambayo muuzaji hana karatasi ya kuonyesha kuwa ilipelekwa.

Arctic Cat, kwa haki yake, ilikuwa imetoka tu kuleta bodi mpya iitwayo Catalyst, nyepesi, inayotumia mkanda mahali ambapo wengine walizoea cheni. Kama mashine, ni miongoni mwa zinazogeuka vizuri zaidi kwenye njia nyembamba. Bahati mbaya yake ni kwamba ilifika sokoni wakati mwenye mali alipokuwa akitafuta mlango wa kutokea.

Kuhusu Yamaha, heshima ya injini zake za mipigo minne haikuja kwa matangazo. Kampuni hiyo ilitangulia wenzake kuweka injini kubwa ya aina hiyo katika mashine ya kasi, RX-1, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha ikaachana na mipigo miwili karibu kabisa. Wenye mashine hizo walizoea kumwaga oili, kubadili plagi na kuendelea na safari. Walilipia kwa uzito: mashine ikizama kwenye theluji laini, mtu mmoja hawezi kuinyanyua.

Hata hivyo, neno uimara lina mtego katika chombo hiki. Injini nyingi za mipigo miwili za leo hupozwa kwa maji yanayopita kwenye mabomba chini ya bodi, na kinachoyapoza mabomba hayo ni theluji inayorushwa na mkanda wa chini. Reli za plastiki ambazo mkanda huteleza juu yake nazo zinapozwa na theluji hiyohiyo. Njia ikiwa na barafu kavu au udongo, joto linapanda, reli zinayeyuka na mkanda wa klachi unapasuka. Mashine bora kuliko zote inaweza kuharibika kwa siku moja kwa sababu theluji ni kidogo tu, wala kosa si la kiwanda.

Na theluji imekuwa kidogo. Majira ya baridi ya 2023–24 yalikuwa ya joto kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa katika majimbo 48 ya bara ya Marekani, na huko Minnesota mashindano maarufu ya mbwa wa kuvuta sleji ya John Beargrease yalifutwa mwaka 2024. Mashine hazikununuliwa, zikarundikana kwa mawakala. Mauzo ya Polaris ya bidhaa zake zote kwa mwaka 2024 yalishuka kwa asilimia 20, ingawa theluji haikuwa sababu pekee. Riba kubwa za mikopo nazo ziliwafukuza wateja.

Tuchukue mfano wa mkulima wa Minnesota anayenunua mashine ya dola 15,000, akakaa nayo miaka mitano na kuiuza kwa nusu bei. Amelipia dola 1,500 kila mwaka kabla ya petroli na bima. Theluji ikidumu wiki kumi, ni dola 150 kwa wiki. Ikidumu wiki tatu, ni dola 500. Na kama katika wiki hizo tatu anasubiri kipuri kwa siku kumi na nne, hesabu haihitaji kalamu. Hapa ndipo wakala aliye umbali wa nusu saa anapoishinda injini yenye sifa iliyo na wakala wa umbali wa saa nne.

Wafugaji wa kulungu wa Lapland wana hesabu tofauti, kwa kuwa kwao mashine ni zana ya kazi. Ilipofika kwa Wasami wa Sevettijärvi, Finland, mwanzoni mwa miaka ya 1960, mtafiti Pertti Pelto alieleza baadaye jinsi wenye mifugo michache walivyoshindwa kubeba gharama za mashine, mafuta na vipuri, wakatoka katika ufugaji, huku wenye uwezo wakibaki. Kulungu wa kuvuta sleji hakuhitaji petroli wala mkopo. Leo anayefanya kazi hiyo hutafuta Lynx Ranger, Ski-Doo Skandic au Polaris Titan, zenye mkanda mpana unaobeba mzigo, na wengi wao walikuwa waumini wa VK Professional ya Yamaha. Hao ndio wanaoumizwa zaidi na tangazo la mwaka 2023, maana mtu wa matembezi anaweza kukaa nyumbani mashine ikiharibika, mfugaji hawezi.

Kwa anayenunua mpya, kalenda nayo ni pesa. Viwanda hupokea oda wakati wa machipuko, mteja anatoa kishika uchumba, mashine inakuja majira ya vuli. Anayeagiza mapema huchagua rangi na injini, na mara nyingi hupewa dhamana ndefu zaidi. Lakini amenunua kabla ya kujua kama theluji itaanguka. Anayesubiri hadi Februari ya msimu mbaya humkuta wakala akitaka kupunguza mzigo ghalani kwa bei yoyote yenye maana.

Soko la mitumba ndilo lenye nafasi kubwa zaidi sasa, na Sidewinder ndiyo itakayowatega wengi. Yamaha imesema itaendelea kuhudumia mashine zake kwa vipuri na dhamana, na kwa upande wa injini hakuna sababu kubwa ya kutilia shaka ahadi hiyo. Mikono ya mbele, reli, mabomba ya kupozea na bodi asili yake ni Thief River Falls, chini ya mmiliki mpya. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi ampigie simu wakala wa Arctic Cat aliye karibu naye na kumtajia namba za vipuri hivyo, kimoja kimoja, akiuliza kipo ghalani au kinaagizwa, na kwa siku ngapi. Majibu yakiwa mabaya, apunguze bei anayotaka kulipa au atazame 900 ACE iliyotumika.