Jukwaa halimo ndani ya simu

Yako maneno yanayozunguka siku hizi hapa kwetu, toka ufuoni Baraka mpaka Fizi juu milimani. Vijana wa kikundi cha michezo wakiomba mtu wa kuwafundisha kuigiza, hujibiwa: "Mwalimu wa nini? Siku hizi mambo yote yamo katika simu. Fungueni, tazameni, igeni." Jibu hilo twalisikia kwa wakubwa wa shule, twalisikia kwa wafanya kazi wa mashirika, na, tusifichane, twalisikia hata katika mabaraza ya parokia. Sisi twasema kwamba jibu hilo ni baya. Video yenyewe haina kosa. Kosa ni la mtu anayeitaja ili asitoe kitu kingine: wala mshahara wa mwalimu, wala chumba cha mazoezi, wala saa moja katika juma.

Kwanza tuipe video haki yake. Kijana wa Kazimia au wa Ubwari, ambaye hajapata kuona jumba la michezo maishani mwake, aweza leo kumwona mchezaji mkubwa akipumua, akitembea, akinyamaza. Kunyamaza hasa! Kitabu hakiwezi kumfundisha mtu kunyamaza jukwaani, picha yaweza. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga majumba ya michezo duniani, National Theatre ya London ilionyesha mchezo mmoja kila Alhamisi bila malipo, na Comédie-Française ya Paris, nyumba iliyoanzishwa mwaka 1680, ikaonyesha michezo yake katika intaneti. Wanafunzi wetu wa sekondari hukariri Molière kama jedwali la kuzidisha. Laiti wangaliiona michezo hiyo, wangalijua kwamba yule bwana aliandika ili watu wacheke. Nako Marekani, chuo cha MIT kimekusanya filamu za michezo ya Shakespeare iliyochezwa katika nchi nyingi, na kila mtu aweza kuzitazama bure. Haya ni mema, na anayeyakataa ni mjinga.

Lakini tazameni mlango ulivyo. London walifungua kwa miezi michache tu. Ilipofika Desemba 2020 National Theatre ikaanza kulipisha. Filamu nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya masomo, kama zile za Digital Theatre, huuzwa kwa vyuo na shule, na mwenye kuzitazama ni mwanafunzi wa chuo kilicholipa. Huko New York maktaba ya mji hupiga filamu za michezo tangu mwaka 1970, nazo ni maelfu; lakini sharti uende mwenyewe, ukae ndani ya maktaba, ndipo uonyeshwe. Hatuwalaumu. Wachezaji na waandishi wana haki zao, nao hula kwa kazi yao. Ila basi asitokee mtu kutuambia kwamba mambo yote yamo katika simu. Mengi yamefungiwa, na ufunguo wake ni kadi ya benki, kitu ambacho wachezaji wetu wengi hawajakishika mkononi.

Hata yaliyo ya bure yana bei. Mchezaji wetu ni nani? Ni mvuvi wa ndagala, ni fundi wa cherehani, ni binti wa mama auzaye mihogo soko la Baraka. Mchezo wa saa mbili wala mega nyingi; simu yataka kuchajiwa, na kibandani kuchaji hulipwa; rezo nayo huja na kwenda ipendavyo. Kwa hiyo watu hufanya nini? Huenda kwa yule kijana wa kibanda anayejaza nyimbo na filamu katika kadi ya simu. Kibandani hakuna Molière. Kuna filamu za ngumi, kuna filamu za Nijeria, kuna vichekesho vya dakika mbili. Hiyo ndiyo shule ya teatri iliyo wazi Baraka, mchana na usiku, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyeichagua.

Matunda yake twayaona. Kila mchezo una mlevi anayeanguka, mke anayepiga kelele, mchawi, na polisi wa kuja mwishoni. Jambo jingine ni baya zaidi, ingawa ladhaniwa kuwa dogo: wachezaji wote hukabili upande mmoja, kana kwamba mbele yao imesimama kamera. Lakini kwetu mchezo huchezwa uwanjani, watu wameuzunguka! Nusu ya kijiji imekuja kwa miguu kutazama migongo. Kamera haina mgongo wala ubavu, haichoki kusimama juani, haina mtoto anayelia. Aliyefundishwa na kamera peke yake hujifunza kuicheza kamera.

Tena watu wa Fizi hawana haja ya kuletewa habari za teatri kama kitu kipya. Tangu Oktoba 2005 meli zilileta wakimbizi wetu kutoka Kigoma mpaka Baraka, watu waliokaa miaka mingi katika kambi za Nyarugusu na Lugufu. Walishuka, wakaenda kwenye mashamba ya baba zao, wakakuta wengine wanalima. Aliyebaki alisema, "Ulikimbia, mimi nilizika watu hapa." Aliyerudi alisema, "Mwembe huu alipanda babu yangu." Katika miaka hiyo shirika la Search for Common Ground, lililoanza kazi Congo mwaka 2001 na kituo chake cha Lokole, lilituma vikundi vya teatri shirikishi katika vijiji vya upande huu wa mashariki. Wachezaji hufika kwanza na kusikiliza: kwa wazee, kwa wanawake, kwa vijana. Kisha hucheza ugomvi ule wa kijiji chenyewe, bila majina. Unapofika mahali pa panga kuinuliwa, mchezo husimamishwa. Kiongozi huwageukia watu na kuuliza: "Tufanyeje?" Mwenye shauri haachiwi kulisema tu alipoketi; huitwa katikati, achukue nafasi ya mchezaji, alijaribu shauri lake mbele ya wote. Mizizi ya kazi hiyo iko Brazili, kwa Augusto Boal, aliyeandika juu ya teatri ya wanaoonewa katika miaka ya 1970. Lakini uwanjani kwetu ilipata miguu yake yenyewe, maana baraza la wazee lilikuwako kabla ya Boal.

Sasa twauliza: filamu gani ya London itamfundisha kijana kazi hiyo? Kazi yenyewe ni kujua dakika ya kusimamisha mchezo. Ni kumwita mzee katikati bila kumwaibisha. Ni kujua la kufanya mtu akiingia duarani amejaa hasira, akasahau kwamba ni mchezo, akataja jina la jirani yake aliyeketi pale pale. Hatari hiyo ni ya kweli. Mchezo ulioongozwa vibaya waweza kuamsha ugomvi uliokuwa umelala. Yafaa mtu aliyekwisha kusimama mahali hapo amshike mwanafunzi mkono, amwambie, "Bado. Ngoja. Sasa." Watu hao wako hapa kwetu. Baadhi yao wamerudi ziwani kuvua, wengine wanafundisha shule ya msingi, na ni nadra mtu kuwauliza walijifunza nini. Ni rahisi zaidi kumtumia kijana anwani ya video.

Labda mtu atasema, "Basi tuwapige filamu hao wazee, tumalize." Vema, wapigwe! Lakini wapigwe kwa akili. Mtu wa kamera humtazama mchezaji, mchezaji, mchezaji. Wale mia tatu waliozunguka hawaonekani, wala maneno yao hayasikiki, na katika teatri ya namna hii wao ndio nusu ya kazi. Mfano bora tulio nao haukuja na picha peke yake. Mwaka 1986, Lubumbashi, kikundi cha Mufwankolo kilitunga kwa Kiswahili mchezo juu ya utawala, toka methali isemayo kwamba mamlaka huliwa mazima, hayagawanywi. Hawakuandika maneno kwanza. Walizungumza, wakajaribu, wakabishana, mpaka mchezo ukapigwa filamu kwa ajili ya televisheni. Johannes Fabian, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, alikuwa pamoja nao na kinasa sauti tangu mabishano ya kwanza. Mwaka 1990 alitoa kitabu chenye maneno ya mazoezi pamoja na maneno ya mchezo, kwa Kiswahili kile kile walichokisema. Humo mwanafunzi aona jinsi tukio lilivyokataliwa, likageuzwa, likakubaliwa. Filamu iliyokamilika humwonyesha nyumba. Mazoezi humwonyesha jinsi matofali yalivyopangwa. Ni Kiswahili cha jirani zetu, nacho husomwa Ulaya na Marekani. Huku Fizi tumekutana na walimu wa lugha wasiolijua hata jina la Mufwankolo.

Twawaletea na mfano wa karibu zaidi. Mwezi wa Mei 2015, katika ukumbi wa Collège Alfajiri huko Bukavu, Milo Rau, mtu wa teatri kutoka Uswisi, aliweka mahakama isiyo na askari wala gereza: mahakama ya jukwaani. Wachimba madini, wakubwa wa serikali, mashahidi wa kweli wakasema maneno yao wenyewe. Moja ya kesi ilikuwa mauaji ya Mutarule, katika bonde la Ruzizi, ambako watu zaidi ya 30 waliuawa usiku mmoja wa Juni 2014. Mwezi wa Juni vikao viliendelea Berlin, na mwaka 2017 ikatoka filamu. Twaipenda kazi ile au hatuipendi, hilo ni shauri jingine. Sisi wenyewe hatukubaliani. Lakini machozi yale ni ya Kivu Kusini, na wanaokaa darasani kuyachunguza kama somo la teatri wako Ulaya. Kadhalika kinyago cha alunga cha Wabembe, chenye nyuso mbili, kimo katika makumbusho ya ng'ambo, ndani ya kioo, bila miguu iliyokichezesha wala sauti iliyotoka ndani yake. Wajukuu wa wachezaji wake waambiwa wajifunze sanaa kwa kutazama London!

Liko bado neno moja, nalo latutia hofu kuliko yote. Vikundi vyetu huigiza wenye silaha, maana ndiyo maisha tuliyoyaona. Fikirini kijana anayecheza sehemu ya mwasi. Aseme maneno makali juu ya Wanyamulenge, au juu ya Wabembe, au juu ya Wafuliiru, ili baadaye katika mchezo ashindwe na kutubu. Mtazamaji apige filamu kwa simu, akate sekunde ishirini za matusi, atume kwenye WhatsApp. Kutubu hakumo. Hapo kijana huyo si mchezaji tena. Ni uso unaotafutwa njiani kati ya Fizi na Minembwe. Jambo hilo haliko katika masomo ya video yaliyotengenezwa katika miji yenye amani, kwa sababu huko halimhatarishi mtu. Kwetu lingekuwa somo la kwanza: nani apige filamu, nani aitunze, ianzie wapi na ikomee wapi, na mchezaji aulizwe kabla ya uso wake kwenda duniani. Wanaotuhimiza tupige kila kitu na kukirusha kwenye intaneti, je, watakuja kumficha?

Basi twataka mambo ambayo hayamfilisi mtu. Michezo kumi iliyochaguliwa na mwenye kujua, ya Kifaransa na ya Kiswahili, ile ambayo wenyewe wameruhusu ichukuliwe bure, ihifadhiwe katika kadi moja na kutazamwa parokiani au shuleni kwa umeme wa jua, watu wakiwa pamoja, na mtu wa kuisimamisha picha na kuuliza: "Kwa nini amegeuka hapa?" Mchezo wa Mateso ya Ijumaa Kuu, ambao kila mwaka hupewa mazoezi ya juma moja kisha husahauliwa, uandikwe maneno yake na uanze kufanyiwa kazi tangu Majivu. Na wale waliocheza katika vijiji baada ya mwaka 2005 waitwe, wafundishe vijana kwa siku kadhaa, walipwe nauli na chakula. Gharama yake haifiki ile ya semina moja ya hotelini yenye maji ya chupa na vyeti. Wakubwa wa shule na wa mashirika wanaotuambia tufungue simu, na wafungue kwanza daftari la matumizi ya mwaka huu, watuonyeshe fungu la michezo limeandikwa ukurasa gani.