Wingu Haliko Mbinguni: Nani Ameshika Ufunguo wa Mafaili Yako?

Makamanda, leo tuongee kuhusu wingu. Sio la mvua. Ni lile ambalo simu yako inakuambia picha zimehifadhiwa huko, nawe unatulia.

Wingu hilo haliko mbinguni. Ni kompyuta za watu wengine, kwenye majengo yenye umeme na walinzi, mengi yakiwa nje ya nchi. Faili likitoka Tabora linapita kwenye mkongo wa taifa hadi Dar es Salaam, linazama baharini kwenye nyaya kama SEACOM na EASSy, ndipo linafika linakolala.

Sisi watu wa Tabora hatuhitaji semina kulielewa hili. Mji wetu ulikuzwa na misafara ya Bagamoyo na Ujiji, ile iliyobeba vitambaa, pembe za ndovu na, kwa aibu ya historia, binadamu. Mizigo ililala kwenye matembe ya Unyanyembe. Njiani watawala walitoza hongo, ambayo enzi hizo ilikuwa ushuru wa kupita, kabla neno halijachafuka. Oktoba 1871 Livingstone alifika Ujiji akakuta bidhaa alizotumiwa zimeshauzwa na mtu aliyekabidhiwa. Umaarufu wake wote haukumsaidia. Alibaki mikono mitupu hadi Stanley alipotokea. Mali ikiwa kwa mwingine, uliza mawili: nani ana ufunguo, na nani anaweza kufunga njia?

Na msidanganywe kwamba wingu ni la matajiri wa Masaki. Mwanafunzi ana ripoti yake Google Drive. Muuza asali anapokea oda WhatsApp. Karani wa chama cha msingi cha tumbaku anatuma jedwali la wakulima kwa barua pepe. Anayetaka mkopo wa HESLB anaomba mtandaoni. Sisi wa sheria tunasoma hukumu TanzLII, na mawakili wanafungua kesi kwa mfumo wa kielektroniki wa Mahakama. Maisha yetu yako huko, tutake tusitake.

Sasa tuanze na njia. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikaanza kurudi tarehe 3 Novemba. Mafaili hayakufutika, sawa. Lakini faili usiloweza kulifungua siku unayolihitaji lina tofauti gani na lililoibiwa? Eti ni usalama. Ukimfungia muuza asali wa Tabora na mwanafunzi wa Kigoma kwa siku zote hizo, umemlinda nani? Mahakama ya ECOWAS, tarehe 25 Juni 2020, ilisema Togo ilivunja haki za watu wake ilipozima intaneti mwaka 2017. Hukumu hiyo haitufungi sisi, lakini hoja yake inatuhusu kabisa.

Tuje kwenye ufunguo. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kuamuru mtu yeyote mwenye taarifa azitoe kwa ajili ya upelelezi. Hakuna hakimu anayeulizwa kwanza. Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa baada ya kukataa kutoa taarifa za watumiaji wake. Aprili 2020, katika mojawapo ya kesi zake, akatiwa hatiani kwa kuzuia upelelezi. Yeye alikuwa na moyo wa kukataa. Je, aliyeshika taarifa zako wewe anao?

Watatuambia, "Mnatetea wahalifu." Hapana. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda mawasiliano binafsi, na ibara ya 18 inatupa haki ya kutoingiliwa katika mawasiliano. Ndiyo, ibara ya 30 inaruhusu mipaka. Lakini Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1993, kesi ya Kukutia Ole Pumbun: sheria inayobana haki lazima iwe na kinga dhidi ya uamuzi wa kiholela, na isibane kupita inavyohitajika. Kinga iko wapi pale anayepeleleza ndiye huyo huyo anayetoa amri? Tabora tuna mahakama hadi Mahakama Kuu. Kutoka kituoni hadi kwa hakimu sio safari ya msafara wa miezi mitatu.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Ni nzuri. Lakini kumbana mwenye duka huku mkuu wa kituo ana ufunguo wa stoo ni kufunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Kwa hiyo madai ni mawili, yapelekwe kwenye kila kikao cha tawi. Moja: kifungu cha 32 kirekebishwe, amri ya hakimu itangulie. Mbili: sheria ikataze waziwazi kuzima intaneti nchi nzima.

Huku tukidai, tujilinde. Nakala moja iwe kwenye flashi. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Weka nenosiri kwenye bakapu ya WhatsApp. Hizo ni dakika kumi tu, lakini hazitoshi bila sheria. Flashi inaokoa faili lako. Sheria inaokoa la mama yako ambaye hajui hata flashi ni nini.

Haki haiombwi kama bando la ofa. Inadaiwa.