Kingamwili Zinapomgeukia Mwenyewe
Mkazi wa Likawage, Wilaya ya Kilwa, ambaye vidole vyake hupauka asubuhi za kipupwe, kisha ngozi ikakakamaa, huenda akadhaniwa ana ukoma. Lakini mabaka ya ukoma mara nyingi hayana hisi; ngozi ya huyu ingali na hisi. Yamkini ni sklerodema.

Kingamwili za maradhi haya hulenga vitu vilivyomo katika kiini cha seli za mgonjwa mwenyewe. Zile za topoisomerasi huandamana na makovu ya mapafu, na huonekana zaidi kwa wenye asili ya Kiafrika kuliko Wazungu. Zile za polimerasi ya tatu ya RNA huonya juu ya figo. Iwapo ndizo zinazozua maradhi, ama ni mashahidi tu, wataalamu hawajaafikiana.

Basi si haki mgonjwa asubirishwe majibu ya maabara ya mbali. Kanuni za kimataifa za mwaka 2013 hudai alama 9: kingamwili hutoa 3 tu, ilhali ngozi iliyokakamaa vidoleni mwa mikono yote miwili hadi kupita vifundo vya kiganja hutoa zote 9. Mganga wa zahanati aishike mikono hiyo, tena apime shinikizo la damu kila mara. Figo zikishambuliwa, kaptoprili ikitolewa mapema huweza kuokoa maisha.