Mdundo Huu ni wa Nani?



Katika tafakari yetu ya juma hili tumechagua jambo ambalo huenda wengine wataliona halina uzito: kazi ya kijana anayeketi mbele ya kompyuta na kutengeneza muziki wa kuchezwa, pasipo kushika ngoma, zeze wala gitaa. Tumelichagua kwa makusudi. Kazi hii imekuwa riziki ya vijana wengi, na swali linaloambatana nayo ni swali la haki: ni lini mtu anaweza kusema kwa dhamiri safi, "Mdundo huu ni wangu"?

Wako watu wazima wanaolijibu swali hili kwa kulifuta. Husema kwamba muziki wa kompyuta si muziki, kwa kuwa mashine ndiyo inayopiga. Sisi hatukubaliani nao. Kinanda kikubwa cha mabomba nacho ni mashine, tena mashine tata sana. Wala hajasikika mtu akimwambia mpiga kinanda kwamba mabomba ndiyo yaliyofanya kazi na yeye alikuwa ameketi tu.

Tuitazame kazi yenyewe. Mojawapo ya programu zinazotumiwa sana na vijana wetu ni FL Studio, iliyotoka Ubelgiji mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops, hata ilipobadilishwa jina mwaka 2003. Mtumiaji huona mbele yake safu ya visanduku 16, na kila kisanduku ni robo ya pigo moja. Akiweka ngoma kubwa katika kisanduku cha 1, cha 5, cha 9 na cha 13, anapata yale mapigo manne sawasawa ambayo ndiyo msingi wa hausi, muziki uliozaliwa Chicago, Marekani, katika miaka ya 1980. Akiongeza kofi katika cha 5 na cha 13, na upatu mdogo katikati ya kila pigo na jingine, tayari bega la msikilizaji linaanza kutikisika. Haya yote ni kazi ya dakika tano.

Lakini je, huo ndio wimbo? La hasha! Hapo kazi inaanza, wala haijaisha. Kwanza, besi na ngoma kubwa hugombea mahali pamoja, pale chini kabisa kwenye sauti nzito. Mtayarishaji asipoipunguza moja, au asipoiamuru besi iiname kidogo kila ngoma inapopiga, zote mbili huwa tope. Pili, kuna hesabu ya muda. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, fungu la mapigo manne huchukua sekunde 2. Wimbo wa dakika nne, basi, una mafungu 120. Kijana aliyetengeneza fungu moja zuri na kulirudia hadi mwisho amemlazimisha mwenzake asikilize jambo lile lile mara 120! Ni nani atakayevumilia? Hapo ndipo panapohitajika maamuzi: kuiondoa ngoma wakati watu wameizoea, kuacha kimya kifupi, kuirudisha pale mwili unapoidai. Tatu, kuna kiasi. Wahenga walisema, ngoma ikivuma sana hupasuka, na ndivyo ilivyo katika kompyuta: sauti ikivuka kikomo chake, kilele cha wimbi hukatwa, na muziki hugeuka mkwaruzo. Programu hutoa nafasi ya kuyafanya haya yote. Sikio la mtu ndilo linaloamua. Kwa sababu hiyo tunasema kwamba kazi hii ni kazi halali ya sanaa, na anayeifanya kwa uvumilivu anastahili heshima na ujira.

Hata hivyo, wapendwa, tukiishia hapo tutakuwa tumesema nusu ya ukweli. Programu hizi hurahisisha pia jambo jingine: kuchukua kipande cha wimbo wa mtu, kukikata, kukizungusha, kukiongeza kasi, na kukitoa kwa jina jipya.

Mfano mkubwa wa jambo hili una jina ambalo kila mwamini hulitamka. Mwaka 1969 kundi la Kimarekani liitwalo The Winstons lilirekodi wimbo usio na maneno, "Amen, Brother". Katikati yake vyombo vyote vinanyamaza, na mpiga ngoma Gregory Coleman anapiga peke yake mafungu manne, muda wa sekunde saba hivi. Sekunde hizo saba zilikuja kukatwa na kutiwa katika maelfu ya nyimbo, na juu yake ikajengwa mitindo mizima ya muziki wa kuchezwa huko Uingereza katika miaka ya 1990. Watu walipata fedha, wakapata majina. Coleman hakulipwa kitu kwa matumizi hayo. Alifariki mwaka 2006 akiwa fukara asiye na makazi. Mwaka 2015 wapenzi wa muziki walichanga paundi 24,000 wakamkabidhi kiongozi wa kundi, Richard Spencer. Lilikuwa tendo jema. Lakini kwa yule aliyezishika fimbo za ngoma, lilikuwa limechelewa miaka tisa.

Tusidhani kwamba haya ni ya ng'ambo tu. Singeli yetu, iliyoinuka katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese, Tandale na Mburahati, ilianza kwa vipande vya taarabu vilivyozungushwa na kukimbizwa mbio, hata kufikia mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Kutokana na ubunifu huo wa watu wasio na mtaji limezaliwa jambo ambalo dunia haikuwa nalo. Mwaka 2017 mkusanyo wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, "Sounds of Sisso", ulitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na wasikilizaji wa Ulaya wakastaajabu. Tunajivunia. Lakini tunauliza pia: yule mpiga fidla au mpiga kinanda wa taarabu, ambaye kipande chake kilikuwa jiwe la msingi, nani alimkumbuka?

Msimamo wetu, basi, ni huu. Kuazima si dhambi ya sanaa. Hakuna msanii aliyeanza na utupu. Uovu ni kuazima na kunyamaza. Mtu anayechukua kipande cha mwingine na amtaje, amwombe, na amgawie pale fedha inapopatikana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo Tanzania, na ofisi ya COSOTA husajili kazi za wasanii. Kijana asiisubiri siku ya kuibiwa ndipo aitafute. Na haki hiyo ianzie kwenye programu yenyewe. Asiye na uwezo wa kununua hana sababu ya kutumia nakala ya wizi, kwa kuwa zipo programu za bure kama LMMS, ambazo zinatosha kabisa kwa kujifunzia. Atawezaje kudai alipwe jasho lake, hali ameanza kwa kudhulumu jasho la mwingine?

Jambo hili limekuwa zito zaidi katika siku zetu, kwa kuwa sasa zipo programu za akili mnemba zinazotoa wimbo mzima kwa kuandikiwa sentensi moja. Kijana ataambiwa kwamba hana haja tena ya kuhangaika na visanduku 16. Sisi tunamshauri ahangaike. Anayeomba wimbo hupewa wimbo. Anayeutengeneza hupata wimbo na sikio, na hilo sikio ndilo atakaloendelea nalo maisha yote.

Kwa wazazi tunasema: kabla hamjaizima kompyuta ya mtoto kwa sababu ya kelele, mwombeni awaonyeshe anachokifanya, kisha mmuulize kipi ni chake na kipi ameazima. Swali hilo litamfaa kuliko karipio. Na kwa vijana tunasema: rekodini kinu cha mama kikitwanga, mvua juu ya bati, kengele ya muuza aiskrimu, ngoma za babu zenu kwa idhini yao. Hizo ni sauti ambazo hakuna kiwanda cha Ubelgiji kilichowawekea tayari. Mcheza kwao hutunzwa.