Mwanagenzi Bila Fundi ni Kibarua

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyotiwa kazini kwa nguvu miaka hii ni neno "mwanagenzi". Wakubwa wa elimu hulitamka, magazeti huliandika, na walimu wenyewe wameanza kulichukia. Sisi watu wa pwani tunalijua neno hili tangu zamani. Mwanagenzi ni mtu aliyepelekwa kwa fundi ajifunze kazi. Akipelekwa kwa fundi wa majahazi, huanza kwa kushika ncha ya ubao, kisha hufunzwa kukalafati, na siku nyingi hupita kabla hajaachiwa msumeno. Mkono wake ukikosea, mkono wa fundi upo karibu. Fundi asipokuwapo, mtu huyo si mwanagenzi tena. Ni kibarua, tena kibarua wa bei rahisi.

Nayasema haya kwa ajili ya walimu wapya wa Kenya, na hasa wale wa ukanda wa Ziwa Victoria, kutoka Usenge na Bondo mpaka Kisumu, Kendu Bay, Homa Bay na Mbita. Madarasa ya sekondari msingi yalipofunguliwa mwezi wa Januari 2023, yaliwekwa ndani ya shule za msingi. Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) ikawapeleka huko maelfu ya vijana kwa jina la wanagenzi, kwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mwezi wa Aprili 2024 Mahakama ya Ajira ikaamua kwamba Tume haina mamlaka ya kuwaajiri walimu kwa mtindo huo. Mwezi wa Mei vijana wakagoma na kuandamana. Januari 2025 walimu 46,000 wakathibitishwa kuwa waajiriwa wa kudumu, na papo hapo wengine 20,000 wakaingizwa kwa jina lile lile la wanagenzi.

Ugomvi wote huo ulikuwa juu ya mshahara, na ilikuwa haki yao kuudai. Lakini katika makelele yale sikusikia wengi wakiuliza swali la pili: Fundi wa wanagenzi hawa yuko wapi? Aliyethibitishwa amepata mshahara. Je, amepata mtu wa kumshika mkono?

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika shule zetu nyingi mwalimu mgeni hupewa jembe kabla hajaweka chini mkoba wake. Hufika na barua ya Tume, akaoneshwa ofisi, akapewa chaki, rejista na darasa lililowashinda wenyeji. Ikiwa yu peke yake, au ni wawili tu katika sekondari msingi ya shule hiyo, huongezewa hata masomo ambayo hakuyasomea chuoni. Aliyesomea Kiswahili na historia atajikuta anafundisha sayansi. Akiuliza, ataambiwa, "Sisi pia tulianza hivyo hivyo." Neno hilo husemwa kama kwamba ni dawa, na kumbe ndiyo maradhi yenyewe.

Nilipokuwa Kisumu nilizungumza na binti mmoja wa kwetu pwani aliyepelekwa kufundisha katika shule iliyo karibu na ufuo wa ziwa. Sitaitaja shule, wala jina lake. Aliniambia kwamba wavulana wake kadhaa walikuwa wakichelewa kila siku, nguo zimeloa, wakasinzia mpaka saa nne. Yeye akaona ni utovu wa adabu. Akawa anawatoa nje wakafyeke majani, na wawili wakaacha kabisa kuja shule. Ndipo mwalimu mmoja mama, mtu wa miaka mingi katika kazi, alipomwita kando. Akamweleza kwamba kule ufuoni omena huvuliwa usiku kwa taa, na mitumbwi hurudi alfajiri. Wavulana wale walikuwa wakisaidia kupakua samaki ili wapate chochote cha kupeleka nyumbani. Mama yule hakumlaumu. Alimpeleka kwa wazazi wao Jumamosi, akamfundisha maamkizi ya Kijaluo, akamshauri aweke somo zito baada ya mapumziko ya asubuhi. Watoto wawili wale walirudi.

Ndugu msomaji, hebu pima jambo hili. Hakuna chuo cha ualimu kinachoweza kumfundisha kijana wa Kwale saa za wavuvi wa omena. Ilimu hiyo anayo mtu aliyekaa pale. Na mama yule aliitoa kwa hisani yake tu. Hakupunguziwa kipindi hata kimoja, wala hakuna daftari lililoandika kazi aliyoifanya. Lau angekuwa mtu wa kununa, au lau angekuwa ameshastaafu, watoto wawili wangekuwa ufuoni mpaka leo, na binti yetu angejiita mwalimu mkali.

Wajaluo humwita mwalimu "japuonj", na anayejifunza humwita "japuonjre". Tofauti ni silabi moja tu mwishoni. Nimependa ukaribu huo, kwani katika mwaka wa kwanza mwalimu ni wote wawili kwa pamoja.

Sisi tuliosoma vyuo vya Kurani tuliuona mpango huu kwa macho yetu. Chuoni kwetu mwalimu alikuwa mmoja na watoto ni wengi, wengine wako katika alifu, wengine wamekaribia kuhitimu. Asingeweza kumsikiliza kila mmoja. Basi aliwateua wanafunzi wakubwa, tukiwaita makhalifa, wawasomeshe wadogo. Lakini khalifa alisomesha mwalimu akiwa amekaa pale pale. Sikio moja la mwalimu lilikuwa kwa mtoto aliye mbele yake, na la pili kwa khalifa. Khalifa akikosea herufi, husahihishwa kwa upole, mara nyingi baada ya wadogo kuondoka, ili asivunjiwe heshima. Baada ya miaka ndipo alipoweza kufungua chuo chake. Hapakuwa na fedha katika mpango ule. Palikuwa na nidhamu na subira.

Wala tusidhani kwamba serikali hazijapata kulijua jambo hili. Mwaka 1925 ilifunguliwa Jeanes School pale Kabete, kwa msaada wa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani. Kazi yake ilikuwa kuwafunza walimu wa kuzunguka katika shule ndogo za vijijini, wakae na walimu wa huko na kuwasaidia kazi. Fikra hiyo ilitoka Marekani ya kusini, ambako mwaka 1908 mwalimu mweusi aitwaye Virginia Randolph alianza kuzunguka katika shule za watu weusi za wilaya ya Henrico, Virginia, akiwainua walimu wenzake. Wakoloni walikuwa na makusudi yao, na moja lilikuwa kumzuilia Mwafrika asitazame mbali zaidi ya shamba na kijiji chake. Hilo tulikatae. Lakini ule mguu wa mwalimu mzoefu uliokuwa ukimfuata mwalimu mchanga mpaka darasani kwake, huo ulikuwa na faida.

Baada ya uhuru tulikuwa na vituo vya ushauri wa walimu, ambavyo maafisa wake leo huitwa maafisa wa kusaidia mitaala. Mpango wa kusoma wa Tusome ulipoenea nchi nzima mwaka 2015, maafisa hao walipewa kompyuta ndogo za mkononi na nauli, wakaingia madarasani, wakakaa nyuma, wakamsikiliza mwalimu, kisha wakazungumza naye. Kwa hiyo njia tunaijua. Tume yenyewe ina mwongozo wa kuwapokea walimu wapya na kuwalea. Lililobaki ni kuutoa mwongozo kabatini na kuupa saa zake katika ratiba.

Kuna jambo moja ambalo wakubwa hulichanganya. Mlezi si mkaguzi. Tangu 2016 walimu wetu hupimwa kwa fomu za utendaji, na kila mwalimu anajua kwamba yaliyoandikwa humo yatamfuata. Nani atamwambia mwenye fomu kwamba darasa la nane linamtia hofu? Kijana atasema kila kitu ni kizuri, na usiku alie chumbani. Mlezi anayefaa ni yule asiyetoa alama wala kupeleka habari ofisini. Siri za mwanagenzi hukaa kifuani mwa fundi.

Najua nitajibiwa kwamba walimu ni haba, na kwamba mzoefu mwenye vipindi vingi hana nafasi ya kumlea mwingine. Hoja hiyo ina uzito, nami siidharau. Lakini uhaba ndio sababu ya kuwalinda wale wachache tulio nao. Mwalimu aliyevunjika moyo katika mwaka wake wa kwanza hutafuta uhamisho, au huacha kazi, au hubaki na mwili wake tu darasani, na huyu wa mwisho ndiye hasara kubwa kuliko wote. Mti hauendi ila kwa nyenzo.

Basi rai yangu ni hii. Kwanza, barua ya kumpeleka mwalimu mpya itaje na jina la mlezi wake, na wote wawili wapunguziwe vipindi vichache kwa juma katika mwaka ule. Pili, mahali ambapo hakuna mzoefu wa somo lile, kama ilivyo katika sekondari msingi nyingi, shule jirani ziunganishwe. Walimu wapya wa hisabati wa shule za karibu na Kisumu wanaweza kukutana Jumamosi moja kwa mwezi na mzoefu mmoja. Walio visiwani, Mfangano, Takawiri na Mageta, wafuatwe na afisa, na nauli ya boti ilipwe kabla ya safari. Tatu, kazi ya ulezi ihesabiwe mtu anapotafuta cheo. Nne, walimu wastaafu waliojaa katika miji yetu waombwe msaada. Wengi wangekuja kwa chai na heshima.

Siku nyingine ikiwa Tume itapenda kulitumia tena neno mwanagenzi, nasi watu wa pwani hatutalinyima. Ila wakilichukua wamchukue na fundi wake, kwani hao wawili walikuja pamoja.